Kompyuta Haiongozi Msafara

Imani iliyoenea leo katika ofisi za halmashauri, vyama vya ushirika, shule na maduka makubwa ya Tanzania ni kwamba vurugu ya kazi huponywa kwa kununua mfumo, na kwa neno hilo humaanishwa programu ya kompyuta inayopokea taarifa za mauzo, malipo, mishahara au ghala, ikazihifadhi mahali pamoja na kuzitolea ripoti. Fedha zikipotea, husemwa kwamba hapakuwa na mfumo. Stoo ikikutwa na upungufu, dawa inayopendekezwa ni mfumo. Na ile methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari imefanywa tangazo la wauzaji wa programu, kana kwamba daftari likishawekewa skrini hujiandika na kujikagua lenyewe. Makala haya yanaipinga imani hiyo. Hoja yake ni kwamba kompyuta haiwezi kuleta utaratibu mahali ambapo uongozi haujaamua nani anawajibika kwa jambo gani, mbele ya nani na kwa muda gani. Kwamba mfumo ukitangulia maamuzi hayo, vurugu ile ile huenda kwa kasi zaidi huku ikionekana nadhifu. Na kwamba Tabora na njia ya zamani ya misafara iliyopita hapo vina ushahidi wa kutosha kuihukumu imani hiyo pande zote mbili, yaani ushahidi wa kazi kubwa iliyosimamiwa vizuri bila mitambo na ushahidi wa mitambo mingi iliyoshindwa kwa kukosa usimamizi.

Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, katika eneo la Unyanyembe ambalo sasa ni Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta biashara ambayo tayari ilikuwa na sheria zake. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni safari ya takriban kilomita 1,200, na kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubebea mizigo, karibu kila kitu kilisafiri kwa mabega na vichwa vya watu: nguo za merikani na kaniki, shanga na masango ya shaba vilikwenda bara, na pembe za ndovu zikarudi pwani. Msafara mmoja ungeweza kuwa na mamia ya watu waliokaa njiani kwa miezi, mbali kabisa na macho ya mwenye mali, aliyekuwa Unguja au Bagamoyo na asingejua lolote mpaka watu warudi. Kila msimamizi wa leo anayelalamika kwamba tawi lake liko mbali na hawezi kulidhibiti anapaswa kutafakari namna umbali huo ulivyodhibitiwa.

Ulidhibitiwa kwa mgawanyo wa dhamana uliojulikana na kila mtu. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na bendera, akaamua mwendo na mahali pa kupumzika. Nyuma yake wapagazi walikuwa wamegawanyika katika makundi yaliyopika na kulala pamoja, kila kundi likiwa na mnyampara, mkubwa wa kundi, ambaye ndiye aliyepokea posho ya watu wake, akaigawa kwa kibaba, na kuulizwa mtu akitoroka au mzigo usipoonekana. Burton aliandika jambo dogo linalostahili kutazamwa kwa karibu: hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi, na mpagazi aliyethubutu alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, ili wakifika kambini mshale huo uwe ushahidi wa nani aliyevunja amri. Hakuna aliyesubiri kumbukumbu za vichwa vya watu waliochoka, wala mabishano ya jioni. Kosa liliwekewa alama pale pale lilipotendeka, na alama ikamwelekea mtu mmoja. Wataalamu wa tehama, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, huita kitu cha namna hiyo kumbukumbu ya matendo, nao huiuza kama sehemu ya thamani zaidi ya programu zao. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa nayo, na ilifanya kazi kwa sababu nyuma yake palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuutazama mshale na kutoza faini.

Taarifa za soko nazo hazikuachwa zijitafute. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, akijiandaa kwa safari yake ya bara ya mwaka 1871, alilazimika kujifunza kwa wafanyabiashara wa pwani kwamba shanga nyekundu za samesame zingepokelewa Unyamwezi pale ambapo aina nyingine zingekataliwa, kwamba zile nyeusi zilizoitwa bubu zilikuwa fedha Ugogo na takataka kwingineko, na kwamba zile kubwa za sungomazi zilitakiwa Ujiji. Kwa hiyo kabla robota halijafungwa, kabla mpagazi hajapokea malipo yake ya awali, ilibidi mtu ajue msafara ungepita wapi, ungekaa kila mahali siku ngapi na watu wa hapo wanataka nini. Na mzigo wenyewe ulipimwa usizidi sana frasila mbili, frasila moja ikiwa karibu kilo 16, kwa kuwa uwezo wa mbebaji ulihesabiwa kabla ya tamaa ya mwenye mali. Ni nadra siku hizi kuona taasisi inayonunua programu ikifanya hesabu ya namna hiyo kuhusu makarani wake.

Mikopo ilitembea kwa utaratibu huo huo. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, aliwakopesha mali wafanyabiashara wa bara, miongoni mwao Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora. Na mkopo wa aina hiyo ungeweza kukaa miaka kabla pembe hazijafika forodhani. Uliwezekana kwa sababu jina la mdeni, jamaa zake na washirika wake vilifahamika, na kila aliyepokea alijua atakayemuuliza.

Hayo hayasemwi kwa kuisifu biashara yenyewe. Njia hiyo ilipitisha watumwa pamoja na pembe, ilimwaga damu nyingi katika vijiji vya bara, na mateso yake hayafutwi na ustadi wa walioiendesha. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, walioafikiana malipo kabla ya kuondoka, na walioweka mizigo chini posho ilipopunguzwa kinyume cha makubaliano. Somo la usimamizi liko kwao zaidi kuliko kwa matajiri, kwa maana nidhamu ya msafara ilidumu pale tu ambapo pande zote mbili zilijua wanadaiana nini.

Ushahidi wa upande wa pili uko magharibi ya Tabora, mwendo usio mrefu, katika Urambo, makao ya zamani ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa mitambo, ukilenga zaidi ya ekari milioni tatu katika miaka michache, na Urambo ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Imani iliyoutawala mpango huo ni ndugu wa imani inayopingwa hapa: kwamba kinachokosekana Afrika ni mashine, na mashine zikiwasili mengine yatajipanga. Matrekta yaliyokwisha kuchakaa vitani yalinunuliwa kutoka Ufilipino. Vifaru vilibadilishwa kuwa mashine za kung'olea visiki. Wataalamu walioupendekeza mpango waliitazama nchi kwa wiki chache tu. Na wakulima waliojua mvua na udongo wa mahali hapo hawakuulizwa neno lenye uzito. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, ukiwa umekwisha kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Urambo iliponea katika tumbaku, zao lililolimwa na wakulima wenye mashamba yao chini ya utaratibu wa mikataba na usimamizi wa karibu, bila jeshi la matrekta. Hakuna mkoa mwingine nchini ambao watu wake wana haki kubwa zaidi ya kumuuliza muuza mitambo maswali magumu.

Hata hivyo maswali hayo hayaulizwi. Halmashauri za Tanzania zimepewa mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato, zile zinazoitwa POS, kwa matumaini kwamba ushuru wa mazao na wa masoko hautapotea tena njiani. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeeleza mara kwa mara mashine zilizokaa nje ya mtandao na makusanyo ambayo hayakufikishwa benki. Mashine ilifanya kazi yake: ilitoa risiti na kutunza hesabu. Kilichokosekana ni mtu ambaye kila asubuhi angetazama mashine zipi hazijaonekana mtandaoni tangu jana, akampigia mkusanyaji, na kama hapati jibu akapanda pikipiki kumfuata. Kazi hiyo ni ya mnyampara, na hakuna programu iliyowahi kuandikwa itakayompandisha mtu pikipiki kama mkuu wake hajali.

Jambo hilo huonekana waziwazi zaidi siku ya soko la tumbaku katika chama cha msingi. Marobota hupangwa safu katika ghala, kila moja likiwa na namba ya mkulima. Mpangaji wa madaraja hupita akitaja daraja, mnunuzi hukubali au hukataa, robota hupandishwa mizani, na karani huandika uzito, daraja na bei. Kutokana na maandishi hayo mkulima hukatwa deni la mbolea na pembejeo nyingine, kisha hulipwa kinachobaki, ambacho kwa kaya nyingi ndicho kipato cha mwaka mzima. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeweka Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi MUVU, ili kumbukumbu za vyama zionekane zaidi ya pale zilipoandikwa, na nia hiyo ni njema. Lakini swali la siku ya soko linabaki pale pale. Karani akikosea tarakimu moja, nani ana ruhusa ya kusahihisha, na je, kosa la kwanza linabaki likionekana au linafutika? Umeme ukikatika robota la arobaini likiwa mizanini, soko linasimama au linaendelea kwa karatasi, na nani ataingiza karatasi hizo baadaye, mbele ya shahidi gani? Kama nywila, yaani neno la siri la kuingilia kwenye mfumo, inajulikana na ofisi nzima kwa sababu karani huenda msibani na kazi haiwezi kulala, basi jina linaloonekana kwenye kumbukumbu si ushahidi wa chochote, na siku fedha zitakapopungua atakayepelekwa polisi ni karani huyo ambaye jina lake lilitumiwa na wenzake.

Hatari hiyo si ya kufikirika, wala si ya nchi maskini pekee. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa mahesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika ofisi zake ndogo. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo, na viongozi wa posta, badala ya kuuchunguza, waliiamini tarakilishi kuliko watu waliokuwa wakiwatumikia kwa miaka. Zaidi ya wasimamizi 900 wa ofisi hizo walihukumiwa kwa wizi au udanganyifu, baadhi wakafungwa, wengine wakafilisika, na ilibidi bunge litunge sheria mwaka 2024 ya kufuta hukumu zao. Nchi hiyo ilikuwa na umeme usiokatika, wahandisi wa kutosha na mahakama za karne nyingi. Ilichokosa ni kiongozi mmoja mwenye ujasiri wa kusema kwamba huenda mfumo ndio uliokosea, na njia iliyo wazi ya karani kupinga kile skrini inachosema juu yake.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja nzito, nayo ni huduma za fedha kwa simu. Husema kwamba teknolojia ilitangulia, na utaratibu ukafuata wenyewe. Ukweli wa mambo unasema kinyume. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikiwa huduma ile ile kwa jina lile lile. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na wateja zaidi ya milioni mbili, ilhali Tanzania ilikuwa na chini ya laki tatu. Ni kweli kwamba soko la Tanzania lilikuwa na ushindani mkubwa zaidi wa kampuni za simu na watu waliosambaa zaidi, na sababu hizo hazipaswi kudharauliwa. Lakini huduma ilishika kasi baada ya kampuni kuushughulikia mtandao wa mawakala wake: ikaweka mawakala wakuu wa kuwasimamia wadogo na watu wa kuwatembelea, kuwafundisha na kuhakikisha kwamba wana fedha taslimu na salio la kutosha kumhudumia mteja. Programu haikuwa imebadilika kiasi hicho. Wanyampara ndio waliopatikana.

Hoja ya pili ni ya reli. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ajira ya upagazi katika njia hiyo ilianza kufa, na mtu anaweza kusema kwamba hapo mtambo uliushinda utaratibu. Mtambo uliishinda miguu, na hakuna anayeilia miguu. Lakini reli ya njia moja haikuendeshwa hata siku moja bila kanuni kwamba treni haiingii katika kipande cha njia kabla mkuu wa stesheni hajatoa kibali na kabla haijajulikana kwamba kipande hicho ni kitupu. Kanuni hiyo iliwekwa kabla injini haijawashwa, na mwenye kuivunja alijulikana. Ikiwa reli inafundisha kitu kuhusu tehama, basi inafundisha kwamba kadiri mtambo unavyokwenda kasi ndivyo kanuni inavyopaswa kuutangulia kwa umbali mrefu zaidi.

Kuna imani nyingine inayoandamana na ya kwanza na kuilinda, nayo ni kwamba mambo ya kompyuta ni ya kijana wa tehama, na kiongozi mwenye umri na heshima hana haja ya kuyaingilia. Heshima ya aina hiyo ni gharama kubwa mno. Mwenye mali wa Bagamoyo hakubeba robota, lakini alijua ndani yake mna nguo gani, doti ngapi, na limebebwa na kundi la mnyampara yupi. Mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule au mwenye duka la jumla hahitaji kuandika programu. Anahitaji kujua taarifa za taasisi yake zinakaa wapi, nani anaweza kuzibadilisha, lini nakala ya akiba ilitolewa na, zaidi ya yote, lini mara ya mwisho nakala hiyo ilirudishwa kwa majaribio ikaonekana inafunguka, kwa kuwa nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, jambo hili si la hiari tena: taasisi inayokusanya majina, namba za simu na madeni ya wakulima au wateja inawajibika kwa taarifa hizo, na uwajibikaji huo haukasimiwi kwa kijana wa tehama.

Kwa hiyo ushauri kwa wanaopanga kununua mfumo katika Tabora na kwingineko ni kuanza kwa karatasi na kalamu. Kazi inayotarajiwa kuingizwa katika kompyuta iandikwe jinsi inavyofanywa sasa, hatua kwa hatua, na watu wanaoifanya, si na wakubwa wao. Kila hatua ipewe mtu mmoja, si kamati, na anayeingiza taarifa asiwe yule yule anayeidhinisha malipo. Mkataba na muuzaji useme bayana kwamba taarifa ni mali ya taasisi na zitakabidhiwa zote, katika hali inayosomeka na programu nyingine, siku mkataba utakapokwisha, maana taasisi nyingi hugundua siku ya kuachana kwamba kumbukumbu zao za miaka zimefungiwa kwa muuzaji. Fungu la mafunzo lisiwe makombo yanayobaki baada ya kununua mashine, na mafunzo yarudiwe, kwa kuwa makarani huhama. Karani awe na njia ya maandishi ya kupinga hesabu ya mfumo, na pingamizi lake lijibiwe kabla hajashutumiwa.

Chama kisichoweza kujibu maswali ya mizani, nywila na umeme kabla ya msimu kufunguliwa kina sababu njema ya kuiacha bajeti ya mfumo ikae benki mwaka mmoja zaidi, huku majibu yakitafutwa. Na pale ambapo mamlaka imekwisha kuagiza mfumo utumike, vitabu vya karatasi viendelee kuandikwa sambamba nao kwa msimu mzima, na hesabu za pande zote mbili zilinganishwe kila siku ya soko kwa sauti, mbele ya wakulima wenyewe, kabla marobota hayajapakiwa kwenye lori.